Injini Ikizima Juu ya Manda

Rubani anayepaa kutoka uwanja wa ndege wa Manda, Lamu, huiacha nchi kavu upesi. Chini yake hubaki mikoko, matope na bahari. Je, tuziruhusu ndege za injini moja zilizoundwa uani kwa mtu kuruka juu ya visiwa hivi?

Ni rahisi kusema zipigwe marufuku. Januari 2025 ndege ndogo ilianguka Kwachocha, Malindi, ikaua watu watatu waliokuwa barabarani. Lakini ile ilikuwa Cessna, ya kiwandani. Naye rubani Beryl Markham, aliyekulia Njoro, alipovuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, ndege yake mpya ya kiwandani ilikosa mafuta kwa sababu ya barafu, akaangukia kinamasi huko Nova Scotia, Kanada. Alinusurika.

Kwa hiyo mimi siungi mkono marufuku. Mara nyingi injini huzima bila chuma chochote kuvunjika: mafuta hayafiki, au yamefika na maji. Tangi lililolala nusu tupu katika unyevu wa Lamu hutoa jasho ndani, na maji hayo hutuama chini, pale pale injini inaponyonya. Kabureta nayo huweza kuganda barafu hata kukiwa na joto la nyuzi 27, kwa kuwa hewa inayopita ndani yake hupoa kwa nyuzi 20 au zaidi. Aliyeunda ndege yake mwenyewe, akaunga kila mpira wa mafuta kwa mkono wake, anaweza kuyajua haya kuliko yeyote. Pia anaweza kujiamini kupita kiasi. Ndiyo maana akaguliwe na jicho la mtu mwingine.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni pa kutua. Injini ikizima futi 1,000 juu, ndege ndogo nyingi huambaa takriban kilomita mbili na nusu tu, tena upepo ukiwa umetulia. Kusi likivuma usoni, masafa hayo hupungua. Rubani atautafuta ufuo wa Shela. Maji yakipwa, mchanga ni mgumu na mpana. Bamvua likijaa, bahari hupanda karibu mita tatu na sehemu kubwa ya ufuo huo haipo. Kila nahodha wa Lamu anajua saa za maji. Rubani naye azijue, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya imtahini kuhusu hilo kabla ya kumruhusu kuruka hapa.

Njia za kupita zipangwe juu vya kutosha kufikia nchi kavu, hata kama mafuta yataliwa zaidi. Mabaharia wa Shela, Matondoni na Pate wawekwe rasmi katika mpango wa uokoaji, walipwe na wapewe redio, kwa kuwa ndio watakaofika kwanza. Abiria naye avae jaketi la kuokolea maisha kabla ya kupaa, aambiwe wazi asilijaze hewa akiwa bado ndani, maana maji yakiingia litambana darini asiweze kuufikia mlango.