Acheni kuhesabu nyavu, hesabuni michomo



Kila mwaka ikifika mwezi wa saba na wa nane homa ya usajili hupanda nchi nzima, na sisi wa Kigoma hatubaki nyuma. Pale Mwanga, kwenye kijiwe cha kahawa ninachopitia jioni nikitoka kazini, mada huwa ni ileile: nani kipa bora kabla ligi haijaanza? Wa Msimbazi ana watu wake, wa Jangwani ana watu wake, na yupo mzee mmoja ambaye atakutajia Juma Kaseja hata ukimuuliza bei ya migebuka. Ubishi ukipamba moto, mtu mmoja atatoa simu na kusoma orodha. Fulani kacheza mechi kadhaa, kadhaa hakufungwa. Fulani mechi kadhaa, hakufungwa kadhaa. Basi, kesi imekwisha. Mwenye namba kubwa ndiye bora, wengine wanywe kahawa wakalale.

Mimi nasema kesi hiyo inaamuliwa bila ushahidi. Na kabla hamjaniuliza orodha zile huandikwa na nani, nakiri mwenyewe hapa hadharani: nimeziandika mimi na wenzangu. Nilikaa mezani, nikachukua idadi ya mechi ambazo kila kipa hakuruhusu bao, nikazipanga kutoka juu kwenda chini, nikaweka kichwa cha habari kinene, nikaenda kula. Makipa wale, hata nusu yao sikuwa nimewatazama dakika 90. Kwa hiyo leo nikigomba, najigombeza na mimi.

Tuanze na hesabu ndogo, ya mfano tu. Kipa wa kwanza yuko timu kubwa. Katika mechi 10 amepigiwa mashuti 15 yaliyolenga goli, akafungwa 3, kila bao katika mechi yake. Ana mechi 7 bila kufungwa. Kipa wa pili yuko timu ndogo ya mkoani. Katika mechi 10 amepigiwa mashuti 60, akafungwa 9. Ana mechi 3 tu bila kufungwa. Kwenye orodha yetu wa kwanza yuko kileleni na wa pili hatumtaji kabisa. Sasa hesabu walichookoa. Wa kwanza ameokoa 12 kati ya 15, yaani asilimia 80. Wa pili ameokoa 51 kati ya 60, yaani asilimia 85. Nani kipa hapo? Na nani ana mabeki wazuri?

Hilo ndilo ninalolia nalo. Mechi bila kuruhusu bao ni kazi ya watu wengi. Ni kazi ya beki aliyeziba krosi, ya kiungo aliyefanya faulo ya busara katikati ya uwanja, ya washambuliaji waliowabana wapinzani kwao hadi wakasahau goli la pili liko wapi. Msimu wa 2024/25 Yanga na Simba, kila moja, ilifungwa mabao chini ya 15 katika mechi 30. Moussa Camara wa Simba alimaliza msimu ule na mechi 19 za ligi bila kuruhusu bao, na Djigui Diarra wa Yanga alikuwa nyuma yake hapo hapo. Sisemi hawajui kazi. Nasema ukitaka kuwalinganisha na aliyesimama golini KenGold, timu iliyoshuka msimu uleule, usilete namba 19 mezani ukadhani umemaliza. Yule wa KenGold alikuwa anafanya kazi nyingine kabisa. Mmoja anachota maji kwa kikombe kwenye mtumbwi mzima, mwingine anachota kwa kikombe hichohicho kwenye mtumbwi uliotoboka. Halafu tunauliza nani mtumbwi wake mkavu!

Najua majibu yenu, nimeyasikia kijiweni.

Jibu la kwanza: kipa wa timu kubwa ana kazi yake ngumu. Anakaa dakika 80 bila kuguswa, halafu shuti moja linakuja na asipolicheza, kesho jina lake liko kwenye kila redio. Kweli kabisa, na sipingi. Utulivu wa namna hiyo si mchezo. Tarehe 3 Juni 2023, kule Algiers, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho, Diarra alipangua penalti ya USM Alger na Yanga wakashinda 1-0, ingawa kombe lilikwenda kwa Waarabu kwa faida ya mabao ya ugenini. Aprili 2025 Camara alicheza mikwaju ya penalti dhidi ya Al Masry na Simba wakaingia nusu fainali ya kombe hilohilo. Ndiyo maana nawaambia: kama mnataka kuwasifu watu hawa, wasifuni kwa hayo. Penalti ya Algiers ni ushahidi. Kumaliza mechi ya ligi bila kupigiwa hata shuti moja la maana ni siku ya mapumziko yenye mshahara.

Jibu la pili ndilo lenye akili zaidi: mbona Ley Matampi aliongoza msimu wa 2023/24 akiwa Coastal Union, timu isiyo ya Kariakoo? Ni kweli, Mkongo yule alimaliza na mechi 15 bila kuruhusu bao, akampita Diarra, na Wagosi wa Kaya wakashika nafasi ya nne. Lakini angalieni vizuri. Matampi hakuokotwa njiani. Alikuwa na kikosi cha Congo kilichotwaa CHAN mwaka 2016 pale Kigali, kwa kuifunga Mali 3-0 kwenye fainali. Na kwenye kikosi cha Mali alikuwemo nani? Diarra. Watu wawili waliokuwa kwenye fainali moja jirani yetu hapa walikuja kugombea glovu moja ya Tanzania miaka minane baadaye. Nionyesheni orodha ya kabla ya msimu ule, iliyotoka kwenye magazeti yetu, iliyomweka Matampi juu. Mimi ya kwangu haikumweka. Kama kipimo chetu kingekuwa na macho, tungemwona Agosti. Tulimwona Mei, namba zilipotulazimisha.

Sasa mtu atauliza, kwani shida iko wapi? Si ni ubishi wa kahawa tu? Hapana ndugu zangu. Orodha hizi zina mkono mrefu. Kiongozi wa klabu naye ana simu, naye anazisoma, na anasajili kwa macho ya mashabiki. Kocha akishapewa kipa mwenye jina, yule kijana aliyekuwepo anarudi benchi. Mkumbukeni Ali Salim. Aprili 2023 Aishi Manula aliumia, kijana akaingia golini Simba, akacheza dabi ambayo Simba walishinda 2-0, akasimama Casablanca mbele ya Wydad hadi mikwaju ya penalti. Agosti 13 mwaka huohuo, fainali ya Ngao ya Jamii pale Mkwakwani, Tanga, alipangua penalti tatu za Yanga na Simba wakachukua ngao. Penalti tatu! Baada ya hapo? Msimu ule golini alisimama Ayoub Lakred wa Morocco, na uliofuata akaja Camara. Inawezekana makocha walikuwa sahihi, wao wanawaona mazoezini na mimi siwaoni. Ninachouliza ni kipimo: kijana alipimwa kwa nini? Kwa michomo aliyocheza, au kwa kuwa jina lake halikuwa na orodha ndefu ya namba nyuma yake?

Msinielewe vibaya, mimi si mtu wa kufukuza wageni. Huku kwetu, ambako ukivuka ziwa uko Congo na ukipanda gari mchana jioni uko Burundi, mtu wa kuhubiri chuki dhidi ya wageni atachekwa. Makipa wa nje wametufundisha mengi. Diarra ametufanya tuone kwamba kipa anaweza kuanzisha shambulizi kwa mguu kama kiungo. Wacha waje. Ila wapimwe kwa kipimo kilekile anachopimwa mtoto wa hapa, na mtoto wa hapa apimwe kwanza, maana sasa hapimwi kabisa.

Hapa ndipo Kigoma inapoingia. Mwaka 2023 Mashujaa waliwashinda Mbeya City kwenye mechi za mchujo wakapanda Ligi Kuu, na Uwanja wa Lake Tanganyika, ambao Julai 25, 2021 ulipokea fainali ya Simba na Yanga ya Kombe la Shirikisho la TFF, ukapata ligi yake wenyewe. Tarehe 9 Aprili 2024 Simba walikuja hapa kwenye Kombe la Shirikisho, dakika 90 zikaisha 1-1, Mashujaa wakawatoa kwa penalti 6-5. Mji haukulala. Kesho yake nikasoma habari. Karibu zote zilikuwa za Simba: Simba wamekosea wapi, kocha wa Simba abaki au aondoke. Wa kwetu walitajwa kama wapita njia kwenye msiba wa mtu mwingine. Halafu Agosti tunakaa tunalinganisha makipa wa nchi nzima, na wa Mashujaa hayumo, kwa sababu amefungwa mabao mengi. Amefungwa mengi, ndiyo. Amepigiwa mangapi? Kimya.

Na ubaya wa kimya hicho unauona ukienda Ujiji jioni, watoto wakicheza mpira karibu na ziwa. Golini anawekwa mdogo kuliko wote, au yule asiyejua kitu, au mwenye mpira ambaye hawawezi kumfukuza. Siku moja nilimwona kijana mrefu, mikono kama makasia, anacheza pembeni kushoto vibaya kweli. Nikamuuliza mbona hakai golini. Akanijibu bila kufikiri: "Kaka, kipa wa huku nani anamwona?" Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyetakiwa kumwona.

Na hii ni Kigoma, jamani! Nchi iliyomtoa Kaseja. Mwaka 2003, akiwa bado kijana mdogo, alisimama Cairo kwenye mikwaju ya penalti na Simba wakawavua ubingwa wa Afrika Zamalek. Mwaka 2019, wakati wengi walishamzika kisoka, alikuwa KMC, si Simba wala Yanga. Stars wakamwita. Agosti tukawatoa Kenya kwa penalti palepale Kasarani, na Septemba tukawatoa Burundi kwa penalti 3-0 pale Taifa, jirani zetu hao hawakupata hata moja. Kaseja ndiye aliyekuwa golini mara zote mbili. Kwa orodha ya mechi bila mabao, nani angemwita mzee wa KMC? Ilihitaji mtu aliyemtazama. Hata Yakoub Suleiman, aliyekuwa golini Stars ilipofika robo fainali ya CHAN Agosti 2025, jina lake alilitengenezea JKT Tanzania, mbali na kelele za Kariakoo.

Kwa hiyo nina ombi, na ni la bei rahisi. Raundi moja ya timu 16 ina mechi 8, na mechi zinaonyeshwa Azam TV. Gazeti lolote linaweza kumpa kijana mmoja daftari ahesabu vitu vitano tu kwa kila kipa: mashuti yaliyolenga goli, aliyookoa, penalti alizopigiwa, krosi alizotoka kudaka, na makosa yaliyozaa bao. Hakuna kompyuta ya NASA inayohitajika. Mwisho wa msimu tutakuwa na kitu cha kulinganisha, na ubishi wetu utakuwa mtamu zaidi maana utakuwa na mfupa ndani. Huenda baada ya hesabu hiyo Diarra na Camara wakabaki juu kwa misimu ile. Nitakuwa wa kwanza kuwapigia makofi. Lakini huenda akatokea jina ambalo wewe na mimi hatujawahi kulitamka.

Mimi nimeshanunua daftari langu, shilingi mia tano pale sokoni Mwanga. Nitaanza na mechi za hapa nyumbani, nyuma ya goli, upande usio na kivuli. Na orodha yoyote ya makipa nitakayopewa niandike bila hesabu hiyo, nitaikataa. Nikifukuzwa kazi, mtanikuta Kibirizi nauza dagaa.

Naomba kuwasilisha.