Karuhusiwa, Lakini Hajapona

Leo tunasema na wenye waume, kaka na watoto huko bara kwenye dhahabu: Kahama, Kakola, Geita, Katoro. Sisi tunaopeleka madera na mabaibui masoko ya huko tunalisikia jambo hili karibu kila safari. Mtu kaanza na mafua makali, au korona, yakashuka kifuani, kalazwa, kawekewa oksijeni, kisha karuhusiwa. Nyumbani inasomwa dua ya shukrani. Wiki haijatimia, yumo wodini tena.

Tuonavyo sisi, familia nyingi huipokea ruhusa ya daktari kama cheti cha uzima. Siyo. Mapafu yanaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi, kurudi hali yake. Mwaka 2020 huko Marekani walifuatiliwa wagonjwa wa korona zaidi ya 100,000 waliotoka hospitali wakiwa hai. Karibu 9 katika kila 100 walilazwa tena ndani ya miezi miwili. Waliorudi zaidi ni wenye miaka 65 na kuendelea, wenye kisukari, maradhi ya moyo na figo, wanene kupita kiasi, na wenye maradhi ya muda mrefu ya mapafu.

Hapo kwenye mapafu ndipo pa kusimama. Mchimbaji ana mapafu yaliyokwisha kuumia kabla ya kirusi kufika. Jiwe la dhahabu likipasuliwa ndani ya duara au kusagwa kwenye karasha hutoa vumbi la silika, na lile jembamba kabisa halionekani kwa macho. Likishafika chini kifuani huacha makovu yasiyofutika. Ndiyo silikosisi, haina dawa ya kuiponya, na mwenye nayo hupata kifua kikuu kwa wepesi kuliko wengine. Ongeza mvuke wa zebaki pale dhahabu inapochomwa, ongeza sigara. Wala si wanaume tu. Wanawake wengi huko huponda mawe na kuosha mchanga mwaloni, wengine na mtoto mgongoni.

Sasa kijana wa miaka 30 akiruhusiwa, daktari hamuoni na uzee wala kisukari. Asipoambiwa kazi yake, atajuaje? Basi wewe mke au dada uliyekuja kumchukua, sema: huyu anafanya kazi karasha, mwaka wa sita huu. Uliza lini arudi kliniki. Kama kapewa deksamethasoni, uliza kuhusu sukari, maana dawa hiyo huipandisha. Kikohozi kikipita wiki mbili, apimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa zake ni bure hospitali za serikali. Anayetumia vidonge vya presha au ARV asiviache hata siku moja kwa kisingizio kwamba dawa zimekuwa nyingi. Na akianza kuhema akiwa amekaa, midomo ikabadilika rangi, mguu mmoja ukavimba au kifua kikachoma ghafla, usingoje asubuhi.

Nyumbani nako, kumzuru mgonjwa ni ibada na hatusemi iachwe. Lakini watu kumi chumbani, wawili wana mafua, huko ni kumtafutia maradhi mapya. Waje wawili wawili, dirisha liwe wazi. Udi na ubani tuuache kwanza mpaka kifua chake kitulie, na jiko la kuni au mkaa likae mbali naye. Tunajua nyumba bila udi inapoa, lakini moshi ni moshi.

Kilichobaki ni kurudi kazini, na hapo ndipo tunapogombana na waume zetu, kwa sababu ada za skuli hazingoji. Akae mpaka daktari wa kliniki aseme, na akirudi aombe kazi ya juu, si ya duarani wala karasha. Mawe yamwagiwe maji kabla ya kusagwa. Barakoa za kitambaa tunazishona wenyewe na tunaziuza. Zinapunguza mate ya mwenye mafua, lakini vumbi la silika linapita kwenye nyuzi zake. Kwa karasha inatakiwa barakoa maalumu ya vumbi, inayobana uso pande zote. Hiyo si ya cherehani zetu, mnunulieni dukani.