ALIYESHINDWA MCHUJO ATOE MKONO, ILA KURA ZIWE ZIMEHESABIWA KWA HAKI

Ndugu Wafanyakazi,

Kila miaka mitano jambo hili hutufikia sisi watu wa Kiirua, tunaofanya kazi ya reli huko Nanyuki na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi. Wanasiasa hushindana ndani ya chama chao, kila mmoja akituapia ya kwamba yeye ni mwana halisi wa chama. Kura za mchujo hupigwa, mmoja hushinda. Haupiti mwezi, walioshindwa wamekwisha kuchapisha picha mpya zisizo na rangi za chama, nao hutujia sokoni penye magunia ya viazi wakisema, "Mimi sasa ni mgombea huru."

Twauliza: Je, aliyeshindwa hana deni kwa mwenziwe aliyemshinda? Sisi twasema analo, tena ni deni kubwa.

Tutazame kwanza mambo yetu wenyewe. Tawi likipiga kura ya kugoma, yule aliyekataa mgomo hukaa nje pamoja na wenziwe. Hakupenda, lakini aliinua mkono wake katika mkutano ule ule, na mwenye kuinua mkono amekwisha kuikubali hesabu kabla haijatajwa. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa bandari na wa reli na wengineo, waliacha kazi kwa siku 12. Nani ataamini ya kuwa wote walikuwa na moyo mmoja asubuhi ya kwanza? Wenye hofu walikuwako, na wenye watoto wenye njaa walikuwako. Walisimama kwa sababu wengi walikuwa wamekata shauri. Basi kama mtu wa sururu aweza kuitii hesabu, huku posho ya watoto wake imo hatarini, kwa nini bwana mwenye gari kubwa asiweze?

Mwaka 2017 Bwana William Kabogo alishindwa na Bwana Ferdinand Waititu katika mchujo wa Jubilee wa ugavana wa Kiambu. Bwana Peter Kenneth naye alishindwa na Bwana Mike Sonko Nairobi. Wote wawili wakasimama peke yao mwezi wa Agosti, na wote wawili wakashindwa mara ya pili. Sheria iliwaruhusu. Kifungu cha 85 cha Katiba ya 2010 chataka mgombea huru awe nje ya chama kwa miezi mitatu tu kabla ya uchaguzi, na mchujo wa Aprili humwachia mlango wazi. Lakini si kila mlango ulio wazi ni wa kupita.

Hapo mwenzetu mmoja atatukatiza: "Seneti ilimwondoa Waititu Januari 2020, ikamwondoa Sonko Desemba 2020. Je, waliokataa kuwaunga mkono hawakuona mbali?"

Swali hilo ni zito, nasi hatulikimbii. Twajibu hivi: kama ulijua ya kuwa mwenzako hafai kushika mali ya watu, kwa nini uliingia naye katika mchujo mmoja? Yafaa useme kabla ya kura, mbele ya watu, "Huyu akishinda sitamfuata, na sababu ni hii." Hapo tutakuheshimu, hata ukitoka chamani. Lakini ubaya unaouona usiku ule ule uliposhindwa, huo ni wivu.

Wala hatumchukii mgombea huru. Meru ilimchagua Bibi Kawira Mwangaza kuwa gavana mwaka 2022 bila tiketi ya chama chochote. Tunayemkataa ni yule aliyeingia mchujo kwa hiari yake, akaomba kura kwa jina la chama, akashindwa, ndipo akakumbuka ya kuwa yu huru.

Sasa tuwageukie wakubwa wa vyama, maana deni hili lina pande mbili. Kura iliyoibwa haimfungi mtu. Wazee wetu wanakumbuka mlolongo wa KANU wa mwaka 1988, watu walipopangwa mistari nyuma ya picha za wagombea. Aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alikwenda Bungeni bila kura ya siri, na mahali pengi mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Nani angemdai aliyeibiwa hivyo atoe mkono? Na tarehe 21 Aprili 2017 Jubilee wenyewe walifuta mchujo wa siku ile, kwa kuwa karatasi za kura hazikutosha.

Hata chama chenye nguvu kikiwapita watu, watu hukirudi. Tanganyika mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 katika 71. Kiti kimoja kilichoponyoka kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo, naye Bwana Herman Sarwatt, mwana-TANU vile vile, akasimama peke yake na kushinda.

Liko na jambo la mwisho, nalo latuudhi kuliko yote. Wengine hutoa mkono, lakini kwa bei. Huahidiwa cheo, kisha husimama jukwaani wakisema wamefanya hivyo kwa ajili ya umoja. Mkono wa namna hiyo ni biashara, na mali inayouzwa ni sisi tuliowapigia kura.

Kwa hiyo twataka mambo matatu:

1. Vyama vihesabu kura za mchujo hadharani, mbele ya mawakala wa kila mgombea.

2. Mgombea mwenye neno juu ya mwenziwe alitoe kabla ya kura.

3. Aliyeshindwa kwa haki ampe mwenziwe mkono wiki ile ile, bure, mbele ya watu wale wale aliowaomba kura.

Asiyeweza hayo asije Kiirua kutufundisha umoja. Sisi twaujua, maana ndio unaotulisha.

Umoja ni nguvu!

Sisi wafanyakazi wa reli, wenyeji wa Kiirua