Usimlipe fundi wa bani kabla ya kupima moshi

Ndugu mkulima wa tumbaku, msimu ukikaribia utasikia mengi kuhusu mbolea na kuni. Mimi leo nazungumzia mabomba ya bati yanayopita ndani ya bani, kwa sababu hapo ndipo wengi mnapopoteza daraja sokoni huku mkilaumu kuni mbichi.

Tumbaku ya mvuke hukaushwa na joto la bomba. Moshi wenyewe unatakiwa upite ndani ya bomba hadi kwenye dohani, utoke nje. Wenzetu wa Namtumbo wanalima tumbaku ya moshi, lakini hiyo ni aina nyingine na ina soko lake. Ungio likiachia, jani lako litanuka moshi, mteuzi atalishusha daraja, na mkopo wa pembejeo kwenye AMCOS utabaki palepale.

Kasoro kubwa ninayoiona ni fundi kuunga vipande nje, kisha akifika ndani na kukuta bomba limepinda, analilazimisha kwa nyundo. Bati hutanuka likipata moto, na ungio lililolazimishwa litafunguka tu. Avute kamba kutoka jikoni hadi kwenye dohani. Bomba lipande kidogo kidogo kuelekea dohani, na kila ungio likalie tofali. Vipande viingiliane kiasi cha vidole vinne, vibanwe kwa ribiti, ndipo azibe kwa udongo wa kichuguu. Wapo wanaopaka udongo kama wanakandika nyumba wakidhani ndio utashika bomba! Udongo kazi yake ni kuziba tu. Pia ungio lisiishie ndani ya unene wa ukuta, maana likivuja humo hutaliona.

Sasa malipo. Wengi mnamlipa fundi kwa idadi ya vipande, jioni hiyohiyo anaondoka. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa. Bakiza fedha yake hadi siku ya jaribio. Bani likiwa tupu, washa jiko, tupia majani mabichi, funga mlango. Baada ya muda fungua uchungulie ukiwa nje, usiingie kwenye moshi. Ukiuona, zima moto, bomba lipoe, fundi arudie ungio hilo kabla hajapokea kilichobaki.

Rudia jaribio hilo kila unapotoa masizi. Na fito za chini zisikaribie bomba: jani kavu likiangukia bati la moto, hata bomba lisilovuja litakuunguzia bani.