Si Kila Kisu Hutwaa Pafu Zima



Kutoka Silanga, Kibera, jijini Nairobi, mama mmoja aliyegundulika na saratani ndogo ya pafu ametuuliza: je, ana dhambi akikataa upasuaji, kwa kuwa hawezi kuishi na pafu moja?

Twaanza na hofu yake. Mwenyezi Mungu ameliumba pafu la kulia kwa pande tatu na la kushoto kwa pande mbili, na kila upande una visehemu vyake. Kwa miaka mingi kanuni ya matabibu ilikuwa kuondoa upande mzima wenye uvimbe, si lazima pafu lote. Kisha tafiti mbili, ya Japani iliyotolewa mwaka 2022 kwa wagonjwa 1,106 na ya Marekani ya mwaka 2023 kwa wagonjwa 697, zikabainisha kwamba uvimbe usiozidi sentimita 2, ulio pembezoni mwa pafu na usiofika kwenye tezi, waweza kuondolewa pamoja na kisehemu kidogo tu, na uhai wa mgonjwa usipungue kwa hilo.

Basi mama, mwulize daktari wako mambo matatu: uvimbe una ukubwa gani, uko wapi, na tezi zimepimwa? Huenda hali yako ikataka upande mzima; hilo ataliamua bingwa. Lakini usicheleweshe, kwani uvimbe haukungoji, na fursa ya kukatwa kidogo hupita.

Ama dhambi, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilieleza kuwa matibabu huwa wajibu iwapo kuyaacha kutaangamiza nafsi. Mwili ni amana. Likaeleza pia kuwa idhini ya mgonjwa mwenye akili timamu ni sharti. Hivyo jamaa wakushauri, ila neno ni lako.

Nanyi wasomaji wetu, saratani hii huwapata hata wasiovuta sigara. Kikohozi kisichokoma hata baada ya dawa za kifua kikuu, makohozi yenye damu, au kukonda pasipo sababu, ni haki yake kurudishwa hospitali. Na picha ya kifua ikionyesha kivuli, isifungiwe kabatini. Ifuatilieni wiki hiyo hiyo.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.