Fizikia haiishii kwenye chaki

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi wa hapa Morogoro hunifuata na swali lilelile: "Mwalimu, mtoto akisoma fizikia, si ataishia kushika chaki kama wewe?" Huwa nacheka, chaki hiyo imenisomeshea watoto. Ila wanatazama mlango mmoja tu. Pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mgonjwa wa saratani hapigwi mionzi kabla dozi haijakokotolewa: kiasi gani kifike kwenye uvimbe, kiasi gani kisivukwe kwenye uti wa mgongo. Hiyo ni kazi ya mwanafizikia tiba, mtu ambaye kwa kawaida alianza na shahada ya fizikia, kisha akaongeza uzamili. Mamlaka ya Hali ya Hewa na Tume ya Nguvu za Atomiki nazo zina nafasi kwa wasomi wa aina hii.

Ninachopinga ni kijana kuichukua fizikia kwa kuwa amekosa uhandisi, halafu anamaliza miaka 3 hajui kuandika programu hata moja ya kompyuta. Huyo atazunguka na bahasha. Ajifunze Python mwaka wa kwanza, na likizo aombe mafunzo hospitalini. Anayeutaka ualimu naye aje, hatujatosha.