Sumu ya kuzuia moto isituingilie kwa mitumba



Naomba nafasi katika gazeti hili niseme machache juu ya jambo ambalo sisi wa vijijini huku Sikonge tunaishi nalo kila siku bila kulijua jina.

Msimu uliopita, wiki chache baada ya wakulima kulipwa fedha zao za tumbaku, niliwakuta wanafunzi wanne wa darasa la tano nyuma ya vyoo vya shule wanachoma televisheni mbovu. Ilikuwa ya mtumba, zile zenye gamba kubwa jeusi mgongoni, na mwenyewe alikuwa ameitupa baada ya kununua nyingine. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amewaambia watoto hao kwamba atachukua shaba iliyokwisha kuondolewa plastiki, nao wakatumia njia waliyoiona nyepesi. Moshi mweusi ulikuwa umeingia hadi darasa la kwanza. Niliuzima moto kwa mchanga, na gamba lililosalia nikalitia stoo. Jioni niliporudi nyumbani nikamkuta mke wangu anawashia mkaa kwa kipande cha sponji ya godoro kuukuu, kama wafanyavyo majirani zetu wengi. Nikaanza kumkataza, naye akaniuliza, "Kwani mna nini ndani yake, mwalimu?" Sikuwa na jibu. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata baadaye kwa kusoma na kuuliza.

Sponji, na ile plastiki ngumu ya vyombo vya umeme, hutokana na mafuta ya petroli, kwa hiyo hushika moto upesi. Viwanda vya Marekani na Ulaya, hasa tangu miaka ya 1970, vilichanganya humo kemikali za kuzuia moto, nyingi zikiwa za jamii ya bromini. Mashuhuri kati ya hizo huitwa kwa kifupi PBDE. Kemikali hizi hazikushikamana na sponji wala plastiki yenyewe. Zimechanganywa tu, kama chumvi katika unga, ndiyo sababu hutoka kidogo kidogo na kuingia katika vumbi la nyumba. Mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni ndiye anayezila kuliko mtu mzima. Mwilini hukaa katika mafuta kwa miaka, hupita katika maziwa ya mama, na huvuruga homoni za tezi ya shingoni ambazo ubongo wa mtoto huzihitaji ili ukue vizuri. Huko Sweden wataalamu walipima maziwa ya akina mama yaliyohifadhiwa tangu 1972 hadi 1997, wakaona kiasi cha PBDE kikiongezeka maradufu kila baada ya miaka mitano hivi. Kemikali hizo zilipoanza kuachwa, nacho kikaanza kushuka. Na zikichomwa ovyo, kama walivyofanya vijana wangu, huzaa sumu nyingine kali za jamii ya dioksini. Magamba ya televisheni za zamani ni miongoni mwa vitu vya nyumbani vilivyotiwa kemikali hizi kwa wingi.

Sasa msomaji asishangae nikigusa tumbaku, zao linalotulisha na kutusomeshea watoto hapa Sikonge. Katika Marekani, sigara iliyosahauliwa ikiwaka juu ya kochi au kitanda ilikuwa sababu kubwa ya vifo vya moto majumbani. Watu wakadai itengenezwe sigara inayojizima yenyewe ikiachwa bila kuvutwa. Makampuni ya sigara hayakutaka. Mwaka 2012 gazeti la Chicago Tribune lilichapisha mfululizo wa habari, likitumia nyaraka za makampuni hayo hayo, likaonyesha jinsi yalivyojipenyeza katika chama cha wakuu wa zimamoto wa majimbo ili lawama iondoke kwenye sigara iangukie makochi. Gazeti hilo likafichua pia kikundi kilichojiita cha raia wanaotetea usalama wa moto, kumbe wanachama wake wakuu walikuwa makampuni matatu makubwa yanayotengeneza kemikali za kuzuia moto. Yaani sigara iliachwa kama ilivyo, kochi ndilo likatiwa dawa. Jimbo la New York lilipolazimisha sigara zinazojizima mwaka 2004 mambo yakawezekana, na kufikia 2011 majimbo yote ya nchi ile yalikuwa yamefuata. Mimi nilijua kwamba tumbaku inatumalizia miyombo yetu kwa kuni za mabani, na kwamba wakati wa kuchuma inaniibia wanafunzi darasani. Sikujua kwamba ina mkono pia katika sponji.

Na je, dawa yenyewe ilifaa? Sheria ya jimbo la California ya mwaka 1975 ilitaka sponji ivumilie mwali mdogo wa moto kwa sekunde 12. Lakini kochi limevikwa kitambaa. Kitambaa hushika kwanza, na moto unapofika kwenye sponji si mwali mdogo tena. Mwaka 2013 jimbo hilo lilibadilisha kipimo chake, likaanza kupima jinsi kitambaa kinavyostahimili moto wa kufukuta, na kutia kemikali kukawa si lazima. Kuanzia Januari 2020 limezipiga marufuku katika makochi, magodoro na vitu vya watoto vinavyouzwa vipya. Walioanzisha desturi hiyo ndio walioiacha.

Swali langu ni juu ya vile vilivyokwisha kutengenezwa. Huku kwetu bidhaa zimekuwa zikipanda kutoka pwani tangu enzi za misafara, zikipita Unyanyembe kwenda Ujiji. Zamani zilikuwa shanga na merikani. Leo ni televisheni, redio na makochi, vingine vimekwisha kutumiwa na watu wengine. Mwaka 1977 wataalamu Arlene Blum na Bruce Ames walionyesha kwamba kemikali iitwayo Tris, iliyotiwa katika nguo za watoto za kulalia ili zisiungue, inaweza kuharibu chembe za urithi za mwili. Mwaka huo huo Marekani ikazipiga marufuku nguo hizo. Zilizobaki madukani zikafanywaje? Nyingi ziliuzwa nchi za nje, mpaka serikali yao ilipokuja kuzuia jambo hilo mwaka 1978. Kwa hiyo marufuku ya mwenzio yaweza kuwa ndiyo mwanzo wa shehena yako.

Tanzania haikulala. Mkataba wa Stockholm juu ya kemikali zinazodumu katika mazingira ulipitishwa 2001, nasi tukauridhia 2004. PBDE za kwanza ziliingizwa katika orodha ya mkataba huo 2009, na nyingine, iitwayo dekaBDE, ikaongezwa 2017. Ila mwaka ule wa 2009 uliwekwa ufa. Nchi zinazotaka ziliruhusiwa kuendelea kuyeyusha upya plastiki na sponji zenye kemikali hizo za kwanza na kutengeneza vitu vingine, hadi mwaka 2030. Maana yake gamba la televisheni lililokataliwa laweza kusagwa, likayeyushwa, likarudi likiwa chanuo, kibanio cha nywele au gari la kuchezea mtoto. Mtandao wa mashirika uitwao IPEN ulichapisha mwaka 2017 uchunguzi wa vitu vya kuchezea vilivyochaguliwa kutoka nchi 26, vingi vikiwa vile vibweta vya rangi ambavyo watoto huvigeuzageuza. Karibu tisa katika kila kumi vilikutwa na kemikali hizi. Hakuna kiwanda chenye akili kinachotia dawa ya kuzuia moto katika kibweta cha mtoto. Zilifuatana na plastiki ya zamani. Hapo kwenye ufa huo ndipo pa kutazama, maana ndipo sumu iliyokatazwa inapovaa nguo mpya.

Hata hivyo tusitiane hofu kupita kiasi. Mwaka 2024 wachunguzi wa Marekani walitangaza kwamba vijiko na vyombo vyeusi vya plastiki vya jikoni vinaweza kumpa mtu kemikali hizi kwa kiasi kinachokaribia kikomo cha usalama. Watu wakavitupa kwa wingi. Kumbe walikuwa wamekosea hesabu. Walitakiwa kuzidisha 7,000 mara 60, wakaandika 42,000 badala ya 420,000. Wanafunzi wangu wa darasa la nne ningewarudishia daftari. Wenyewe walisahihisha, na kikomo kikaonekana kuwa mbali mara kumi kuliko walivyosema. Nimelitaja hili kwa sababu wapo watakaolitumia kusema kwamba jambo lote ni uzushi. Hapana. Sifuri ilikosewa, lakini kemikali ya televisheni ilikutwa katika kijiko kweli, na haikuwa na kazi yoyote pale.

Najua lipo pingamizi moja zito, nalo ni moto wenyewe. Sisi walimu hatuwezi kulicheka. Shauritanga mwaka 1994 walipotea wasichana zaidi ya 40. Idodi, Iringa, Agosti 2009, walikufa 12, na moto ulianza kwa mshumaa. Kyerwa, Kagera, Septemba 2020, watoto 10. Kwa jirani zetu Kenya, shule ya Kyanguli, Machi 2001, walikufa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Mtu akisoma hesabu hii anaweza kusema, basi magodoro ya bweni yatiwe dawa. Lakini sekunde 12 zingemfaa nini mtoto aliyefungiwa mlango? Bweni linataka milango miwili inayofunguka kwa nje, madirisha yasiyo na nondo za kudumu, vitanda visivyobanana, taa ya sola mahali pa mshumaa na koroboi, na mtu mzima anayelala karibu. Hayo yanagharimu fedha, ni kweli, lakini hayaingii katika maziwa ya mama.

Tumewahi kupiga marufuku na ikafaulu. Mifuko ya plastiki ilikatazwa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na hata katika mnada wa kijijini kwetu mama muuza dagaa alibadilika mara moja. Lakini mfuko unaonekana kwa macho. Kemikali haionekani, na godoro nililonunua mimi lilikuwa na lebo inayotaja upana, urefu na uzito wa sponji, basi. Kwa hiyo marufuku ya namna hii haiwezi kuachiwa mnunuzi wala mgambo wa soko. Ni kazi ya TBS na Mkemia Mkuu wa Serikali, huko bandarini na viwandani, kabla lori halijaanza safari ya kuja Tabora. Sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tunayo tangu 2003, ya mazingira tangu 2004, na kanuni za taka za vifaa vya umeme tangu 2021. TBS inakataza nguo za ndani za mitumba; vivyo hivyo ikatae televisheni kuukuu na vitu vya watoto vya plastiki iliyoyeyushwa upya visivyo na cheti cha maabara. Katika mikutano ya mikataba hii nchi za Afrika zimekuwa zikidai kikomo cha PBDE katika taka kiwe miligramu 50 kwa kilo, wakati wengine wanataka 500 au hata 1,000. Wajumbe wetu wasilegeze hapo, kwa sababu ile tofauti ndiyo itakayoletwa kwetu.

Upande wa kijijini ni kazi yetu. Mke wangu sasa anawashia mkaa kwa maganda makavu ya mahindi. Wanafunzi wale wanne niliwapa zamu ya kueleza mstarini kwa nini waya hauchomwi, nao walieleza vizuri kuliko mimi. Mnunuzi wa vyuma chakavu tulimwita mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akaahidi kupokea waya pamoja na plastiki yake, kwa bei ya chini kidogo.

Lakini lile gamba bado liko stoo, kati ya majembe na mabao ya zamani. Kulizika siwezi, maana kisima kiko karibu, na kulichoma ndiko tulikokataza. Tangu walipojua kwamba nimelihifadhi, watoto wameniletea redio mbovu tatu na televisheni nyingine. Naiomba NEMC itueleze kupitia gazeti hili: sisi wa wilaya kama Sikonge tuvipeleke wapi?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Sikonge, Tabora.